Mhariri, kilichochukuliwa kwa ajili ya vita huwa hakirudi

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nafanya biashara ya dagaa na kayabo, samaki wakavu wa chumvi, hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Naomba nafasi kidogo gazetini, najua barua yangu ni ndefu, ukiona lazima uipunguze basi punguza kwingine lakini habari ya lori la baba naomba uiache kama ilivyo.

Naandika kwa sababu ya ile barua mliyoitoa ya msomaji mwenzangu anayesema Tanzania ipeleke jeshi Congo kwa nguvu zote ikamalize kazi, na kwamba mtu yeyote anayehoji gharama za vita au anayehoji sheria za usalama ni msaliti na sehemu yake ni ndani. Nimeisoma mara mbili. Sina ugomvi na ndugu yangu huyo, naamini anaipenda hii nchi kama mimi ninavyoipenda, ila hilo neno msaliti limenikaa rohoni wiki nzima, maana ndo neno hilohilo aliloambiwa baba yangu mwaka 1981 alipoenda kuulizia lori lake.

Lori lenyewe lilikua Bedford la kijani. Baba alilinunua kwa kuuza ng'ombe na kukopa kwa ndugu, akawa anabeba pamba kutoka vijijini huko Magu na Kwimba kuileta kiwandani kuchambuliwa, msimu ukiisha anabeba samaki, chumvi, abiria, chochote kinacholipa. Mwezi wa 11 mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda akiwa ameshavuka na kulikalia eneo lote la ng'ambo ya mto Kagera, wakaja watu watatu nyumbani jioni wakamwambia baba gari linahitajika. Hakukataa. Tena alilijaza mafuta mwenyewe, akawaonesha kwamba gia ya pili inagoma usipokanyaga klachi mara mbili, akawapa na jeki na tairi la spea. Wakamuandikia karatasi, namba ya gari, tarehe, sahihi, muhuri. Nlikua na miaka 10 nimesimama mlangoni na ile karatasi naikumbuka kwa sababu aliyeandika aliiweka juu ya boneti na kalamu ikatoboa tundu kwenye nukta ya mwisho. Magari mengi ya raia yalichukuliwa hivo, malori kwa mabasi, nchi haikua na magari ya kutosha kupeleka jeshi Kagera, mtu yeyote wa rika langu analijua hilo.

Na vita hatukuisikia redioni tu. Usiku taa marufuku, madirisha tulining'iniza mablanketi, nyuma ya nyumba baba na mjomba walichimba handaki ambalo mvua ikinyesha linajaa maji hadi kiunoni na mama alikua anasema bora bomu linikute kitandani. Mwishoni mwa Machi 1979 ikaja ndege ya Libya, maana Gaddafi alikua anamsaidia Amin, ililenga matanki ya mafuta hapa mjini ikakosa, mabomu yakaenda kuangukia hifadhi ya wanyama yakaua swala. Huwa nawaambia watoto wangu kwamba ile ndege ingekosea kidogo tu upande mwingine nisingekuwepo kuwasimulia.

Sasa nieleweke. Kumrudisha Amin nyuma ya mpaka ilikua haki kabisa, watu wa Kyaka na Minziro waliuawa, ng'ombe wao wakaswagwa kwenda Uganda, daraja la Kyaka likavunjwa. Mtu akivamia nyumbani kwako unamtoa, hapo hakuna mjadala na Mwalimu Nyerere aliposema tarehe 2 Novemba kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, baba alisimama pale redioni kama yuko gwaride. Ila tulipomaliza kumtoa hatukurudi. Tulisonga hadi Kampala tukaichukua tarehe 11 Aprili 1979, na askari wetu wakakaa Uganda hadi 1981. Hapa watu wa umri wangu huwa hawapendi kusikia lakini nitasema tu. Tulimuondoa dikteta, ni kweli, alafu nini? Obote akarudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao Waganda wengi hawakuukubali, ikaanza vita nyingine kule Luwero, watu wakafa kwa maelfu mengi hadi Museveni alipoingia Kampala Januari 1986, na yupo hadi leo. Sisemi tulikusudia hayo. Nasema ukishaingia kupanga nani atawale nyumba ya jirani hujui utakachoacha nyuma, hata ukiwa na nia njema kama aliyokua nayo Mwalimu, na Mwalimu nia njema alikua nayo sina shaka.

Huku nyumbani tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Miezi 18 ikapita, ikaja mingine, mikanda haikufunguliwa. Sio vita peke yake, mafuta yalipanda dunia nzima, jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa 1977, mashamba ya ushirika yalikua hayazalishi, lakini hela iliyoteketea Kagera na Uganda nchi masikini kama yetu haikua nayo. Na bunduki zikabaki mikononi mwa watu. Usukumani ng'ombe wakaanza kuibiwa kwa risasi badala ya mikuki, wazee wakaunda sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, kama mwaka 1982 hivi kwa sababu polisi hawatoshi, na sungusungu walisaidia sana kwenye wizi, ila kuna vijiji waligeuka wakawa wao ndo polisi, wao hakimu, wao mnyongaji, na vikongwe wenye macho mekundu ya moshi wa kuni wakauawa kwa kuitwa wachawi. Vita ya Kagera ilishaisha kwenye vitabu lakini bibi wa Kwimba alikua bado anakufa kwa sababu yake.

Alafu ndo ukaja msako wa 1983. Mama mkubwa, dada yake mama, alikua anauza sabuni, mafuta ya kula na kanga chache zinazokuja kwa mtumbwi kutoka upande wa Kenya. Bidhaa madukani hakuna, mtu akiwa na miche kumi ya sabuni ni mhujumu uchumi. Ilitungwa sheria mwezi wa 4 ikaambiwa inaanza kufanya kazi tangu mwezi wa 3, yaani unashtakiwa kwa sheria ambayo siku unatenda haikuwepo. Mahakama za kawaida zikawekwa pembeni, yakaundwa mabaraza maalum, wakili haruhusiwi, dhamana hakuna, rufaa hakuna. Watu walikua wanamwaga sukari ziwani usiku, mimi nimeona kwa macho yangu pale Kirumba maji yakiwa na povu la sabuni asubuhi na watoto tunacheza nalo. Mama mkubwa alikutwa na miche ya sabuni chini ya gunia la maharage, akakaa ndani miezi minne, akatoka bila kuambiwa kosa wala kuambiwa samahani. Hakuuza tena kitu maisha yake yote.

Utasema hilo na vita linahusiana nini. Linahusiana, sababu lugha iliyotumika ilikua ya vita, tulishazoea miaka minne kuambiwa adui, mstari wa mbele, mapambano, msaliti, basi adui wa nje alipoisha akatafutwa wa ndani na mama mwenye sabuni akatosha. Ile sheria ya 1983 ilifutwa mwaka uliofuata lakini ikaja nyingine ya 1984 ya makosa ya uhujumu uchumi ambayo ipo hadi leo, na watu wa kizazi hiki wamekaa mahabusu miaka kwa jina hilohilo. Na kabla ya hapo kulikua na ile ya 1962 ya kumuweka mtu kizuizini bila kesi, Rais akisaini tu unaenda. Tume ya Jaji Nyalali mwanzoni mwa miaka ya 90 iliorodhesha sheria 40 za namna hii ikasema ni kandamizi zifutwe au zirekebishwe. Nani anakumbuka leo ile orodha? Nyingine zipo kabatini zinasubiri tu siku ya hatari.

Nimeeleza ya kwetu kwanza kwa makusudi, maana mtu akiongelea hizi habari anaambiwa ametumwa na mabeberu. Sasa niende kwa hao mabeberu wenyewe, kwa sababu wamefanya hilihili kwa ukubwa zaidi na ukiona cha mwenzio kinanyolewa chako tia maji.

Tarehe 11 Septemba 2001 Marekani ilipigwa, watu karibu elfu 3 wakafa asubuhi moja, uchungu wao kila mtu aliuona. Siku tatu baadae bunge lao likapitisha azimio la kumruhusu rais kutumia jeshi, kifungu chenyewe kifupi hata ukurasa hakijazi. Bunge la wawakilishi lilipiga kura 420 kwa 1. Huyo mmoja ni Barbara Lee wa California, mama mweusi, alisimama sauti ikitetemeka akaomba wenzake watulie wafikiri kabla hawajatoa ruhusa isiyo na mwisho. Akatishiwa kuuawa hadi akawekewa walinzi, akaitwa msaliti, neno letu lile. Kile kifungu kikatumika zaidi ya miaka 20 chini ya marais wa vyama vyote viwili, kwenye nchi ambazo siku kinapitishwa hakuna aliyezitaja, mpaka hapo Somalia jirani. Mwezi wa 10 wakapitisha ile Patriot Act, limswada likubwa ambalo wabunge wengi hawakupata muda wa kulisoma, likaipa serikali ruhusa ya kuchimba mawasiliano, kumbukumbu za benki, mpaka vitabu unavyoazima maktaba. Januari 2002 wakafungua gereza la Guantanamo. Machi 2003 wakaingia Iraq kutafuta silaha za maangamizi ambazo hazikuwepo. Na mwaka 2013 kijana Edward Snowden akatoa nyaraka zinazoonesha serikali yao ilikua inakusanya rekodi za simu za mamilioni ya raia wake wenyewe, raia ambao hawajatuhumiwa kitu.

Kule kuna watu wanaoitwa walibertari, wanaamini serikali iwe ndogo, isiingie mfukoni kwa mtu wala chumbani kwake wala kwenye simu yake. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani ni matajiri wasiotaka kulipa kodi, na wapo wa hivyo, kwenye mambo ya hospitali na shule za umma mimi nao hatuelewani hata kidogo, mimi wanangu wamesoma shule za serikali. Lakini kwenye vita wanasema kitu ambacho naona ni kweli tupu, kwamba huwezi kuwa na serikali ndogo nyumbani na kubwa nje, jeshi linalotaka kuwa kila mahali linahitaji kodi kila mahali na siri kila mahali. Ron Paul, daktari wa uzazi aliyekua mbunge wa Texas kwa chama cha Republican, alipinga vita ya Iraq wakati karibu chama chake chote kinaishangilia, akasimama kwenye kampeni za urais 2008 na 2012 akazomewa kwa kusema warudishe askari nyumbani. Yeye ni wa kulia kabisa, Barbara Lee wa kushoto kabisa, hawakubaliani karibu kwenye kila kitu, lakini Iraq wote wawili walipiga kura ya hapana. Hilo linanipa moyo sana, maana huku kwetu tunadhani kupinga vita ni jambo la chama fulani.

Na usidhani hayo ni ya Wamarekani na Waarabu. Kuna mtanzania, mvuvi wa Zanzibar, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akakabidhiwa kwa majasusi wa Marekani, akapitishwa kwenye magereza yao ya siri Afghanistan, akaning'inizwa kwa minyororo, akamwagiwa maji ya barafu, akafungiwa ndani ya boksi. Miaka mitano. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka 2008 wakamuachia na karatasi inayosema hana hatari kwa majeshi yao. Yeye na wenzake wakaja kuwashtaki wale wanasaikolojia wawili waliobuni hayo mateso na mwaka 2017 kesi ikaisha kwa makubaliano. Mvuvi, mhariri! Mtu kama hawa ninaonunua kwao dagaa kila alfajiri, mwenye magamba mikononi. Nilipoisoma habari yake nilikaa kimya kwenye kibanda changu hadi mteja akaniita mara tatu.

Sisi tuna maumivu yetu ya ugaidi, sisahau tarehe 7 Agosti 1998 pale ubalozi wa Marekani Dar, watu 11 walikufa na Nairobi zaidi ya 200, kwa ugomvi ambao sio wetu kabisa. Lakini tulichofanya ni kuiga. Mwaka 2002 tukatunga sheria yetu ya kuzuia ugaidi, kipindi kilekile Marekani inazisukuma nchi nyingi zitunge, na maneno yake ni mapana kiasi kwamba mtu anaweza kuingizwa humo kwa mambo ya siasa za kawaida. Ikaja ya makosa ya mtandao 2015. Laini za simu tukasajili kwa alama za vidole, mwisho ulikua tarehe 20 Januari 2020, nakumbuka foleni za wazee ambao vidole vimesuguliwa na nyavu hadi mashine haisomi, mzee mmoja jirani yangu alirudi siku tatu mfululizo, ya nne akaniambia basi mwanangu mimi nitakufa bila simu. Kila hatua inaelezwa ni ya usalama, na kila moja ukiitazama peke yake unaona sio mbaya sana. Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi intaneti ikakatwa nchi nzima siku kadhaa, na hapo nlikua na mzigo wa kayabo barabarani unaenda Rusumo, dereva simpati, mteja simpati, picha ya risiti haiendi. Mzigo wangu sio kitu nikikumbuka kwamba kuna wazazi siku hizo walikua wanawatafuta watoto wao.

Jeshi likiletwa kufanya kazi za polisi nako tumeshaona. Mwaka 2013 tulikua na mawili kwa mpigo. Kulikua na Operesheni Kimbunga huku kanda ya ziwa na Kigoma ya kuondoa wahamiaji haramu, Kagera na Geita kuna watu waliozaliwa hapa, baba zao wamezikwa hapa, wakapewa muda wafungashe, wengine mke ni mtanzania mume anasukumwa Rwanda. Alafu mwezi wa 10 ikaja Operesheni Tokomeza ya majangili wa tembo, lengo zuri sana, tembo walikua wanaisha kweli, lakini wananchi wakateswa, wakabakwa, wakafa, ng'ombe wakapigwa risasi, hadi bunge likawaka na Desemba hiyohiyo mawaziri wanne wakaondoka. Kuondoka kwa mawaziri ni jambo kubwa na nalipongeza bunge la wakati ule. Ila mwenye ng'ombe wake waliopigwa risasi, huyo alipata nini? Marekani mwaka 1942 waliwazoa watu zaidi ya laki moja wenye asili ya Japani wakawafungia makambini, wengi wao raia kabisa wa Marekani, kwa kuwa tu vita ilikua na Japani. Mwaka 1988 serikali yao ikaomba radhi kwa sheria na kumlipa dola 20,000 kila aliyekua bado hai. Walichelewa miaka 46 lakini kuna mahali imeandikwa kwamba tulikosea. Mimi nadai hicho tu hapa kwetu, kiandikwe.

Sasa nirudi Congo kwa ndugu yangu wa ile barua. Nadhani yeye hajawahi kumuuzia mtu wa Congo kitu. Kayabo, kwa wasioijua, ni sangara aliyepasuliwa akatiwa chumvi akakaushwa juani, sisi wenyewe hatuli sana, soko lake kubwa ni Congo. Mji wa Goma huko mashariki mwa Congo ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu wiki chache baadae, hapa Mwaloni kayabo zilirundikana hadi kwenye njia, ukigusa lile rundo katikati lina joto kama tumbo la ng'ombe maana zimeanza kutoa maji, chumvi inadondoka chini inafanya matope meupe. Nina mteja mama mmoja wa Bukavu tumefanya biashara zaidi ya miaka kumi, simu yake haikupatikana siku 19. Siku ya 20 akapiga, hakuulizia mzigo, akaniambia "mama, tuko hai, ni hiyo tu nilitaka ujue" simu ikakatika. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sijali yanayotokea Congo.

Na najali vijana wetu vilevile. Desemba 2017 kule Semuliki, Congo, askari wetu wa kulinda amani zaidi ya kumi waliuawa usiku mmoja kwenye kambi yao. Wengi wadogo kuliko mwanangu wa kwanza. Baadae tukapeleka wengine na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, kuanzia mwisho wa 2023, na Machi 2025 wakuu wa nchi wakaamua ile kazi isitishwe. Goma ilikua imetekwa wao wakiwa palepale. Hivi ndugu yangu anayesema tupeleke nguvu zote, nguvu hizo zikafanye kitu gani ambacho hao hawakufanya? Umoja wa Mataifa uko Congo tangu 1999. Ile brigedi ya mashambulizi ya 2013 tuliyokuwemo sisi iliwafukuza M23 wakatawanyika, tukashangilia, na hao hapo wamerudi na nguvu kuliko mwanzo, kwa sababu madini yapo palepale, majirani wenye maslahi yao wapo palepale, na serikali ya Kinshasa haijawahi kulipa askari wake vizuri. Risasi ya mtoto wa Tarime haiwezi kubadilisha hata moja kati ya hayo.

Kuna kitu kimoja kwenye katiba yetu napenda watu wakisome, Ibara ya 44. Rais ndo anatangaza vita, lakini nakala ya tangazo inaenda kwa Spika na ndani ya siku 14 bunge liitwe likae lifikirie kuunga mkono au kutounga mkono. Ni ibara nzuri. Shida ni kwamba siku hizi hakuna anayetangaza vita. Askari wamekua wakienda kwa jina la kulinda amani, kwa jina la misheni ya SADC, wengine Msumbiji, wengine Congo, na kwa kuwa vita haijatangazwa zile siku 14 hazianzi kuhesabika. Tunapata habari jeneza likishashuka uwanja wa ndege. Na soma pia Ibara ya 31, inaruhusu wakati wa hali ya hatari zitungwe sheria zinazokiuka haki ya kuishi na haki ya kuwa huru. Nchi nyingine nazo zina kitu kama hicho, naelewa kwanini kipo. Lakini ndo maana nasema tuogope kuingia vitani kirahisi, sababu siku ukiingia kile kifungu kinaamka.

Mwalimu alituachia pia siasa ya kutofungamana na upande wowote, na hiyo ndo naitaka kuliko vita yoyote. Ukraine ilipovamiwa Februari 2022 hatukua na upande, na petroli bado ilipita shilingi 3,000 kwa lita hapa kwetu, wavuvi wakaegesha mashine wakapiga kasia. Hiyo ni vita ya mbali kabisa ambayo hatuna hata askari mmoja. Na bado kuna kijana wetu alienda Urusi kusoma, akafungwa huko, akaahidiwa msamaha akipigana, akafia Ukraine, mwili ukaletwa Januari 2023 azikwe kwao. Tuuze dagaa kwa wote, tuongee na wote, tuwapokee wanaokimbia kama tulivyowapokea Warundi na Wakongo Kigoma miaka yote, tuwakutanishe wanaogombana kama alivyofanya Mwalimu na baadae Mandela pale Arusha kwa Warundi. Kazi hiyo inachosha na haina gwaride lakini Arusha mwaka 2000 Warundi walitia saini.

Kwa hiyo mhariri ombi langu kwenu ni dogo. Bunge la bajeti likikaa Dodoma, wizara ya ulinzi itapita. Waandishi wenu wawaulize wabunge wetu wa kanda ya ziwa kwa majina, mmoja mmoja, kama wako tayari kudai kwamba askari yeyote asivuke mpaka bila bunge kukaa na kupiga kura ya wazi, kura ambayo mimi huku Kirumba nitaisoma nani alisema ndiyo na nani hapana. Na pale operesheni inapochukua mali ya mtu, nyavu, mtumbwi, ng'ombe, gari, iwepo tarehe ya kurudisha au kulipa imeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo.

Ile ya baba haikuandikwa tarehe ya kurudisha. Mwaka 1981 alienda nayo kwenye ofisi moja hapa mjini, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, saa nane akaingia akaulizwa wenzio wametoa watoto wao wewe unadai chuma, wewe ni mwananchi au msaliti? Alikua mtu mzima wa miaka 47, alivaa suti yake pekee siku hiyo. Alirudi nyumbani kwa miguu akaiweka karatasi kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, akanunua baiskeli, akawa anabeba mihogo. Hakuidai tena na hakuwahi kuisema vibaya nchi hii mbele yetu hata siku moja. Alifariki 1997 na kopo ninalo mimi. Kama kuna mtu kwenye gazeti lenu anataka kuiona hiyo karatasi aje Mwaloni aulize muuza kayabo mwenye kibanda cha bati jipya karibu na mizani, nitamuonesha, namba ya gari bado inasomeka na tundu la kalamu lipo.

Ni mimi,
Msomaji wenu, mama wa kayabo
Mwaloni Kirumba, Mwanza